Gari la Dayosisi, Mzigo na Tela: Mambo ya Kupanga Kabla Gari Halijaanza Kazi

(Mada hii ilitolewa na Idara ya Miradi na Maendeleo katika semina ya kamati za maendeleo za sharika. Tunaichapa kwa ajili ya wajumbe ambao hawakuweza kufika, pamoja na marafiki zetu wanaotuchangia.)



 Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo katika maandiko ya miradi ni nadra kupewa hata mstari mmoja: namna ya kuandaa bodi ya nyuma ya pikapu ili ibebe mzigo kwa usalama, na namna ya kuvuta tela. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya dereva na fundi. Sisi tunasema ni mambo ya kamati, kwa sababu ni mambo ya uwakili.

Pikapu hutoka dukani ikiwa na bodi iliyo wazi. Wiki hiyo hiyo inaanza kubeba dawa za zahanati, mbegu za vikundi vya wakulima na spea za pampu za visima. Mzigo unafunikwa turubai na kufungwa kamba. Njiani dereva anasimama kula, kujaza mafuta, au kusubiri mto upungue. Gari likifika usharikani na katoni moja haipo, wa kwanza kuulizwa ni yeye. Huenda hakugusa kitu, lakini hana namna ya kuthibitisha. Kanisa linaweza kumpoteza mtumishi mwaminifu kwa kukosa kufuli. Ndiyo maana tunasema kufuli linalinda mzigo, lakini kabla ya mzigo linamlinda dereva.

1. Anzeni na hesabu ya uzito

Kabla ya kumwita fundi, someni kitabu cha gari mjue limeruhusiwa kubeba kilo ngapi. Tuchukue mfano wa pikapu yenye viti vya mbele na nyuma, iliyoruhusiwa kilo 800. Wengi hudhani hizo ni kilo za mzigo wa nyuma peke yake. Sivyo. Ndani yake wamo watu, na kila kitu kilichoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani.

Watu watano wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 350. Sanduku la chuma, chuma cha kuvutia tela, jeki na vifaa vya dereva, tuseme kilo 120. Zimebaki kilo 330, yaani mifuko sita ya saruji ya kilo 50. Na kama gari linavuta tela linalokandamiza kilo 60 kwenye kiungio, zinabaki 270, yaani mifuko mitano. Kamati inayoagiza mifuko ishirini kwa safari moja haiokoi mafuta. Inanunua springi zilizovunjika na breki zinazochelewa kushika, na usukani unakuwa mwepesi kwa sababu mbele ya gari imenyanyuka.

2. Sanduku la kufungia

Tunashauri sanduku moja la kukaa kwa upana wa bodi, nyuma kabisa ya kabini. Hapo uzito unakuwa mbele ya ekseli ya nyuma na gari linatulia. Bati la chuma la milimita 2 lina uzito wa karibu kilo 16 kwa kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo sanduku la urefu wa mita 1.4, upana na kimo cha nusu mita, ni zaidi ya kilo 50 kabla ya fremu na bawaba. Aluminiamu ya unene huo huo ni karibu theluthi moja ya uzito huo, ila ni ghali zaidi, na si kila fundi wa kuchomelea anaweza kuitengeneza ikipasuka.

Mambo ya kumwagiza fundi ni haya:

- Sanduku lichomelewe likiwa nje ya gari, kisha lifungwe kwa bolti nne. Likilazimika kuchomelewa chochote garini, betri itenganishwe kwanza, na kazi isifanyike karibu na tangi la mafuta.
- Nati zote ziwe ndani ya sanduku, ili mwenye spana asiweze kulifungua akiwa nje. Chini ya bodi viwekwe vibati vipana ili bolti zisichane bati, na matundu yapakwe rangi yasishike kutu.
- Bawaba zifichwe ndani. Kufuli likae ndani ya kikombe cha chuma, mahali ambapo mkasi wa kukatia vyuma haufiki.
- Mdomo wa kifuniko uwekwe mpira wa kuzuia vumbi na maji. Ndani kuwe na fremu ya mbao, ili katoni zisikae juu ya chuma chenye unyevu.

Sanduku la chuma likipigwa na jua huwa kama tanuri. Chanjo, ambazo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, zisafiri katika kibebeo chake cha baridi ndani ya kabini. Petroli, mafuta ya taa na mitungi ya gesi visifungiwe humo kamwe, kwa sababu mvuke wake hukusanyika na cheche moja inatosha. Mbegu zilizopakwa dawa zisichanganywe na chakula.

3. Funguo na hati

Sanduku bila utaratibu wa funguo ni mapambo. Tunapendekeza funguo mbili: moja kwa mtunza stoo anayepakia, nyingine kwa usharika unaopokea. Dereva asiwe na ufunguo. Apewe kisanduku chake kidogo cha jeki, spana na kamba, chenye ufunguo wake mwenyewe. Kila mzigo uende na hati ya nakala tatu: ya stoo, ya dereva na ya mpokeaji. Mpokeaji ahesabu mbele ya dereva, ndipo wote wawili watie sahihi. Ikitokea upungufu, kamati itajua pa kuanzia kuuliza, na dereva atarudi nyumbani akiwa na jina lake.

4. Tela

Tela linaongeza nafasi bila kununua gari la pili, lakini lina masharti yake. Chuma cha kuvutia kifungwe kwenye chasisi, kamwe kisifungwe kwenye bampa. Kisizibe tairi la akiba linaloning'inia chini ya bodi, maana siku ya pancha ndipo mtakapoligundua hilo. Kichwa cha mviringo kilingane na kikombe cha tela. Kipo cha milimita 50 na kipo cha inchi 2, ambacho ni milimita 50.8. Kwa macho vinafanana, lakini kikombe cha inchi 2 juu ya kichwa cha milimita 50 hulegea. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya kiungio, na taa za breki na indiketa za tela zijaribiwe kila safari.

Kwa pikapu nyingi, tela lisilo na breki zake lenyewe lisizidi kilo 750 pamoja na mzigo. Hakikisheni kiwango cha gari lenu kitabuni. Mzigo mzito ukae juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Tela la kilo 600 likandamize kiungio kwa karibu kilo 60, na hilo mnaweza kulipima kwa mizani ya magunia. Uzito ukienda nyuma, tela huanza kuyumba kama mkia. Likiyumba, dereva aondoe mguu kwenye mafuta taratibu, ashike usukani imara, asikanyage breki ghafla. Kwenye mteremko atumie gia ndogo tangu juu.

5. Watu, wagonjwa na misiba

Hapa ndipo penye maneno. Waumini husema, na wanasema kweli, kwamba gari la kanisa ni letu sote. Mama mjamzito anahitaji kufika hospitali, mzee anaomba kupakiwa, na familia yenye msiba inaomba kubeba jeneza. Tusimwachie dereva kuwa hakimu barabarani. Kamati iamue mapema na itangaze ibadani.

Pendekezo letu: mgonjwa na msindikizaji wake wapewe viti vya kabini kabla ya mtu mwingine yeyote, hata kabla ya sisi maofisa. Mtu asikae juu ya mzigo, juu ya sanduku, wala ndani ya tela, hata kwa kilomita moja. Kwa msiba, mwenye ufunguo afungue sanduku, bolti nne zitolewe, na watu wanne walishushe na kuliweka ofisini. Nafasi inapatikana na heshima ya marehemu inatunzwa. Mzigo ukihamia kwenye tela, viti hubaki vya watu. Kwa hiyo sanduku na tela havimnyimi muumini gari. Vinamwezesha kupanda bila kuhatarisha maisha yake.

6. Ombi letu

Kwa kamati: andikeni sanduku, chuma cha kuvutia, mikanda ya kukazia, usajili na bima ya tela katika bajeti ya gari tangu mwanzo, na mtenge fedha za kukaza bolti na kubadilisha mipira kila mwaka. Kwa wafadhili wetu: mnapochangia gari, tunaomba mkubali mstari huo. Hauna picha nzuri ya kuweka kwenye taarifa, lakini ndio unaofikisha dawa yenu mpaka mkononi mwa mgonjwa.