Mlango Mmoja Tu

Ndugu wasikilizaji wa Kasongo, Kabambare na Nyangwe, leo tunaongea juu ya ruta, chombo kinachogawa intaneti nyumbani. Ruta huruhusu vyombo vyenu kutoka kwenda kwenye intaneti, lakini humzuia mgeni asiyeitwa kuingia. Ukitaka kuona kamera ya duka lako ukiwa Kindu, unaweza kuiagiza ruta ifungue mlango unaoelekea kwenye kamera hiyo. Fungua mlango mmoja tu, tena baada ya kubadilisha neno la siri la ruta na la kamera.

Kuna atakayesema: nani anatujua sisi huku mkoani Maniema? Si lazima ujulikane. Programu za wavamizi hujaribu anwani za intaneti moja baada ya nyingine, bila kuuliza mji. Mwaka 2016, programu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi sana duniani, kwa kutumia maneno ya siri ya kiwandani. Mwingine atasema: nimefungua mlango, lakini hakuna kinachopita. Huenda kampuni yako ya intaneti imeweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo ruta yako peke yake haiwezi kitu.

Basi fanyeni hivi. Kwanza, ulizeni kampuni kama mna anwani yenu wenyewe ya intaneti. Pili, badilisheni neno la siri la ruta na la kamera. Tatu, ipeni kamera anwani isiyobadilika humo nyumbani, kisha fungueni mlango wake peke yake. Haja ikiisha, ufungeni. Kumbukeni: neno la siri jipya kwanza, kisha mlango mmoja tu.