Kuongeza Si Kubadilisha: Mafuta ya Breki na Stelingi katika Magari ya Zamani

Mada kwa semina ya mafundi vijana na madereva, Kamukuzi, Mbarara



Marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 2018 yalizuia kuingiza Uganda gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Yaliyokwisha kuingia hayakuondoka. Yapo stendi, yapo kwenye njia ya Isingiro, yanapeleka watu na magunia hadi Base Camp na Rubondo kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Kwa hiyo fundi wa hapa ataendelea kulishika gari la zamani kwa miaka mingi, na mahali anapokosea zaidi ni kwenye kile kichupa cha mafuta ya breki. Akikuta yamepungua, anaongeza, anafunga boneti, anapokea hela yake.

Mafuta ya breki hayaungui kama petroli. Yamefungwa ndani ya mabomba, na yakipungua kuna mawili tu: ama pedi zimelika na pistoni za kalipa zimetoka nje zaidi, ama kuna mahali yanavuja. Ukiongeza bila kutazama, umeficha dalili. Tena siku ya kufunga pedi mpya, pistoni zikirudishwa ndani, kichupa kitafurika, na mafuta hayo yanabambua rangi ya gari.

Ubaya mkubwa zaidi hauonekani. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 huvuta unyevu wa hewani kama chumvi iliyoachwa wazi. Kwa viwango vyake, DOT 3 mpya haipaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 hushuka kutoka 230 hadi 155. Sasa fikiria gari lililojaa abiria likiteremka milima ya Kabale au Kisoro, mguu uko kwenye breki muda wote. Kalipa zinawaka moto, maji yaliyomo yanageuka mvuke. Mafuta hayabanwi, mvuke unabanwa, na pedali inazama hadi chini. Dereva akinusurika anasema breki zimekata. Gari likishapoa pedali inarudi, fundi anakagua, haoni kitu, na dereva anaonekana mwongo.

Maji hayo hayo huleta kutu ndani ya masta silinda. Ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri mafuta yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama gari halitembei sana.

Kazi yenyewe inataka watu wawili na subira. Anza kwa kusafisha kichupa kwa nje, kwa sababu vumbi la murram likiingia ndani halitoki kirahisi. Nyonya mafuta ya zamani kwa bomba la sindano, jaza mapya, ndipo uende kwenye magurudumu. Kwa kawaida huanza gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, hilo mara nyingi ni la nyuma kushoto, ila kitabu cha gari kikisema vingine, kifuate. Nati ya kutolea upepo iliyoshika kutu ipigwe brashi ya waya, iwekewe mafuta ya kulainisha, ifunguliwe kwa spana ya ringi. Mmoja akanyage pedali, mwingine afungue na kufunga nati, mpaka mafuta yatoke safi bila mapovu, na kichupa kisikauke hata mara moja.

Hapa nisisitize jambo moja. Kwenye gari kuukuu usikanyage pedali mpaka sakafuni. Sehemu ya ndani ya silinda ambayo mipira haifiki kila siku huwa na kutu, na mipira ikipita hapo inachanika. Weka kipande cha mbao chini ya pedali. Wengi hulalamika kwamba breki zilikuwa nzima kabla ya fundi kuzigusa, na mara nyingine wako sahihi. Gari lenye ABS huenda likahitaji mashine ya uchunguzi. Kama huna, lipeleke kwa aliye nayo.

Stelingi ni habari nyingine. Toyota nyingi za zamani hutumia mafuta ya ATF, na hayo yakiingia kwenye breki, hata kidogo, mipira inavimba na mfumo wote unaharibika. Vilevile usioshe mipira ya breki kwa petroli. Usinunue mafuta ya breki yaliyomiminwa kwenye chupa ya soda: yameshakutana na hewa, na mtoto anaweza kuyanywa. Ni sumu.

Mafuta yaliyotolewa yasirudishwe kwenye gari, wala yasimwagwe mtaroni. Mto Rwizi unapita hapa mjini na kuelekea kwenye mabwawa na maziwa ya Mburo na Nakivale, ambako ndugu zetu wanavua na kuchota maji. Kila gereji iwe na dumu lake la mafuta machafu.

Na wewe mwenye gari, fundi akikuambia mafuta ya breki yamepungua, usimlipe kwanza. Mwambie akuonyeshe yamekwenda wapi.