Simu ya Mkononi Hujuaje Ulipo?

(Mazungumzo kwa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, Zombo, Kilosa)



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi niliyoifanya kwa miaka mingi, yaani ufundi wa mitambo ya simu. Katibu amenipa dakika ishirini, na akanionya nisilete mahesabu kwa kuwa wengi wetu tuliyaacha hapa hapa shuleni. Nitajitahidi, ila hesabu moja ndogo mtanivumilia.

Kila nikutanapo na watu wa rika langu huulizwa swali moja lenye sura mbili. Huyu mwanawe hakurudi nyumbani, naye anakasirika kwamba kampuni ya simu haiwezi kumwambia kijana yuko chini ya mti gani. Yule anaogopa kwamba kuna watu wanaomwona kila hatua anayopiga, mpaka chumbani. Nadhani wote wawili wanaufikiria mtandao kama mtu mwenye macho, aliyepanda juu ya mnara. Afadhali waufikirie kama karani mwenye daftari.

Wakubwa wenzangu mnaikumbuka simu ya waya, enzi za Shirika la Posta na Simu. Namba ilikuwa ya mahali. Ukimwomba opereta akupe stesheni ya Kilosa, kengele ililia pale stesheni, awepo unayemtaka au asiwepo. Kama hayupo, kijana alitumwa kumwita, nawe ukingoja huku dakika zinahesabiwa. Simu za mkononi zilipoanza hapa nchini mwaka 1994, pale Dar es Salaam, jambo hilo liligeuka. Namba ikawa ya mtu, na mtu hutembea. Asubuhi yuko Zombo, mchana Mikumi, usiku yuko Ubungo. Anayempigia hajui aliko wala hana haja ya kujua. Kwa hiyo hapana budi awepo mwingine anayejua, la sivyo simu hailii. Kule kujua ulipo ndiko kunakoifanya simu ikufikie. Hakuna aliyekuongeza baadaye ili kukupeleleza.

Sasa tuitazame minara. Redio ya Taifa ilikuwa na sifa ya kusikika mbali, na kila fundi alijivunia mtambo wenye nguvu. Mnara wa simu ni kinyume chake: unatakiwa usisikike mbali mno. Sababu ni kwamba masafa ya redio ni machache kama viwanja vya mjini, na wenye kuyataka ni mamilioni. Mwaka 1947 wataalamu wa Bell huko Marekani walipata wazo la kuigawa nchi katika vieneo vidogo, kila kimoja na mtambo wake wenye sauti ndogo. Masafa yanayotumika hapa hayatumiki kwa jirani, lakini yanaweza kutumika tena kule mbele, ambako sauti ya hapa haifiki. Kariakoo, penye watu wengi, kieneo kimoja huweza kuwa na upana wa mita mia chache tu. Huku kwetu, penye mashamba na milima, mnara mmoja hubeba kilomita nyingi. Kumbukeni tofauti hiyo, maana nitairudia.

Unapowasha simu, kwanza haisemi kitu. Inasikiliza. Kila mnara hutangaza jina la mtandao wake na la eneo lake mfululizo, usiku na mchana, na simu huchagua ule wa mtandao wake inaousikia vizuri. Kisha hubisha hodi. Ile kadi ndogo tunayoiita laini ina namba yake ya ndani, ambayo si ile unayowapa marafiki, na kwa laini za Tanzania huanza na 640. Mtandao haumwamini mbisha hodi hivi hivi. Waliopita JKT wanamkumbuka mlinzi wa usiku anayedai neno la siri. Ubaya wa neno la siri ni kwamba aliyejificha kichakani hulisikia, na kesho atalitumia. Laini haikubali upumbavu huo. Mtandao huitumia namba ya kubahatisha, laini huichanganya na siri iliyofungiwa ndani yake, na kurudisha jibu tu. Makao makuu ya mtandao yanayo siri hiyo hiyo, nayo hupiga hesabu hiyo hiyo. Majibu yakilingana, mlango unafunguka, na siri yenyewe haikupita hewani hata mara moja.

Hapo ndipo daftari linapoandikwa, nayo yako mawili. Mnaukumbuka utaratibu wa balozi wa nyumba kumi: mgeni akifika, mwenyeji humpeleka kwa balozi akaandikishwe. Mtandao una daftari la nyumbani, ambalo laini yako huandikwa humo siku unayoinunua na haiondoki. Kisha kuna madaftari ya wageni, moja kwa kila sehemu ya nchi. Ukifika sehemu mpya, simu yako hujiandikisha katika daftari la wageni la huko, nalo hupeleka habari nyumbani: "Mtu wenu yuko kwangu." Ukienda Mombasa ni vile vile, ila balozi ni wa mtandao wa Kenya.

Mkishajiandikisha, simu hunyamaza. Hili huwashangaza wengi wanaodhani kwamba simu iliyo mfukoni hupiga kelele kila sekunde. Simu ya kawaida isiyo na intaneti, ikiwa haitumiwi, karibu muda wote inasikiliza tu, na hata kusikiliza hufanya kwa kuamka na kusinzia, ili betri isiishe. Husema inapovuka kuingia katika eneo jingine, na mara moja kila baada ya muda uliopangwa na mtandao ili kujulisha kwamba bado ipo. Na eneo hilo si mnara mmoja, ni kundi la minara. Basi ukiwa umelala, daftari linajua kwamba uko katika kundi fulani la minara, wala halijui ni mnara upi.

Mtu akikupigia kutoka Dodoma, mtambo wa kule huuliza daftari la nyumbani, nalo huuliza daftari la wageni, na simu huelekezwa kwenye mtambo unaosimamia huku. Mtambo huo sasa hufanya kama mpiga mbiu wa kijijini: minara yote ya kundi lile hulitaja jina lako kwa wakati mmoja. Simu yako hulisikia, hujibu kupitia mnara mmoja, na hapo ndipo mnara unapojulikana. Hupewa njia yake ya kusemea na kengele inalia. Yote hayo huchukua sekunde chache, zile ambazo anayepiga husikia ukimya na kuanza kulalamika.

Ukizima simu kwa kubonyeza kitufe, kabla haijalala huaga, na daftari huandika kwamba umefunga. Anayekupigia hujibiwa upesi kwamba hupatikani. Lakini betri ikichomolewa ghafla, au ukishuka bondeni pasipo na mawimbi, hukuaga. Mtandao unadhani upo. Utaitwa, utaitwa tena, na ndipo jibu la "haipatikani" litoke baada ya kimya kirefu. Mzazi mwenye wasiwasi anaweza kuupima ukimya huo, ingawa si ushahidi wa kupeleka mahakamani.

Juu ya kuzungumza huku unasafiri nitasema kidogo tu. Wanafunzi mnazo mbio za kupokezana vijiti. Wakati wa mazungumzo, simu hupima nguvu ya minara ya jirani na kupeleka taarifa karibu mara mbili kila sekunde. Mnara unaokubeba ukizidiwa na wa jirani, mtandao humwambia jirani aandae njia, kisha huiamuru simu ihame. Katika barabara kuu ipitayo Hifadhi ya Mikumi kijiti hicho hupokewa tena na tena bila abiria kujua. Kikianguka, ama jirani hakuwa na njia iliyo wazi, ama kilima kiliingia katikati ghafla.

Sasa hesabu niliyowaahidi. Mnara wa vijijini kwa kawaida una nyuso tatu, kama chapati iliyokatwa vipande vitatu, na mtandao unajua umejibu kupitia kipande kipi. Tena, simu inaposema, mtambo hupima ucheleweshaji wa sauti yake. Mawimbi huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, na katika mitambo ya kizazi cha pili kipimo hicho hutoa umbali kwa hatua za mita 550 hivi. Tuseme kijana ametoka hapa Zombo wakati wa masika kwenda shamba la upande wa Milima ya Rubeho, na simu yake imejibu ikiwa kilomita 10 kutoka mnarani. Duara la nusu kipenyo cha kilomita 10 lina mzingo wa karibu kilomita 63. Theluthi yake ni 21. Kijana yuko mahali fulani katika ukanda wenye urefu wa kilomita 21 na upana wa nusu kilomita na kidogo, yaani kilomita za mraba zipatazo 11 na nusu. Humo mnaweza kupanga viwanja vya mpira zaidi ya 1,500, tena vyenye makorongo.

Mitambo ya kizazi cha nne hupima umbali kwa hatua zisizofika mita 100, lakini urefu wa ukanda hubaki ule ule. Mjini minara mitatu au minne humsikia mtu mmoja, na mahali pake hupatikana kwa kulinganisha. Kijijini mara nyingi ni mnara mmoja peke yake. Zaidi ya hayo, kumbukumbu inayobaki baada ya simu kukatwa, ambayo iliwekwa hasa kwa ajili ya kutoza fedha, kwa kawaida huandika aliyepiga, aliyepigiwa, saa, muda na kipande cha mnara. Umbali haumo. Wengine watasema simu za siku hizi hujua mahali hasa. Ni kweli, huzisikiliza satelaiti na kupiga hesabu zenyewe, lakini jibu hilo liko ndani ya simu, na mtandao hauna habari mpaka simu yenyewe ilitume.

Kwa sababu hiyo huwaambia wakulima na vijana wanaokwenda milimani mambo haya. Mawimbi yakiwa hafifu usihangaike kupiga, andika ujumbe. Ujumbe wa herufi 160 hupita kwa kitambo kidogo sana, ambapo mazungumzo yangekatika. Andika mahali ulipo kwa majina ya wenyeji: mto, korongo, shamba la nani. Maneno hayo yanaupunguza ule ukanda kuliko mtambo wowote. Panda kwenye mgongo wa kilima kama unaweza, kwa maana bondeni simu hutafuta minara bila kupumzika, na ikiupata wa mbali husema kwa nguvu zake zote, nayo betri inakwisha. Ukishatuma, zima, uwashe kwa saa mliyopatana. Kila unapoiwasha inabisha hodi, na hodi hiyo inaandikwa. Na kama mtandao wako haupo kabisa, jaribu 112, kwa kuwa simu itaomba njia kwa mtandao wowote inaousikia.

Juu ya wezi wa simu, chombo chenyewe kina namba yake ya tarakimu 15, tofauti na ya laini. Bonyezeni *#06# mtaiona, na muiandike leo mahali pengine, siyo ndani ya simu hiyo hiyo! Mwizi akitupa laini yako na kuweka yake, chombo bado hujitaja kwa namba ile. Kwa namba hizo ndivyo simu bandia zilivyozimwa nchi nzima tarehe 16 Juni 2016 ilipofika, nayo polisi wakiomba kwa taratibu, mitandao inaweza kukifungia chombo kilichoibwa. Laini nazo zilifungamanishwa na alama za vidole na kitambulisho cha Taifa, na zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020.

Lipo jambo la mwisho, nalo baadhi yenu humu ndani mnalijua kwa sababu mmenijia nalo kwa siri. Mnataka nimwulize rafiki yangu aliye kazini aangalie mkeo, au mumeo, alikuwa mnara gani Jumamosi usiku. Nimekataa, na nitaendelea kukataa. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010 inamkataza mtumishi wa mtandao kutoa habari za mteja ovyo, na ile ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Lakini hata sheria isingekuwepo, rudini kwenye hesabu yetu. Kipande kimoja cha chapati kina nyumba ya wifi yake, kanisa, msikiti, kilabu cha pombe na zahanati. Karani ataandika jina la mnara, na wewe kwa wivu wako utajaza yaliyobaki. Nyumba zimevunjika kwa ushahidi wa namna hiyo.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na harufu ya pilau imeshanisaidia kumwelewa. Kidato cha tatu, mwalimu wenu wa fizikia ameniruhusu niwachukue kesho asubuhi tukapande kile kilima cha nyuma na simu mbili, tuone zinapoteza mawimbi hatua ngapi baada ya kuvuka mgongo. Njooni na viatu.