Tutunze Tumbo la Chombo



Leo tunazungumza nanyi juu ya chini ya chombo, mahali ambapo macho hayafiki.

Sisi tuna mashua moja ya ushirika. Mwaka mmoja tuliipaka chini rangi ya mafuta, ile ya milangoni. Ilipendeza kweli! Lakini rangi ile haizuii wadudu wa baharini. Tulipoipandisha pwani tulikuta mwani na chaza wamejaa. Tukagonga mbao karibu na mkuku, nyundo ikazama. Wadudu walikuwa wameitoboa kwa ndani. Mwezi mzima hatukwenda kuvua. Je, watoto walikula nini?

Basi tumejifunza haya.

Kwanza, pandisheni chombo wakati wa bamvua. Mnazo kama wiki mbili mpaka bamvua lijalo. Kwangueni mwani na chaza siku ile ile. Wakikauka ni kazi ngumu. Osheni kwa maji baridi, acheni mbao zikauke, kisha mtie kalafati.

Pili, rangi kuukuu msiichome kwa makuti, kama tunavyochoma chombo cha deheni. Rangi nyingine zina risasi au shaba, na moshi wake ni sumu. Vumbi lake pia ni sumu. Kwa hiyo ilowesheni kwanza, ndipo mkwangue. Zibeni pua na mdomo. Watoto wakae mbali. Mabaki yakusanyeni, msiyaache pwani.

Tatu, chagueni. Deheni, yaani chokaa na shahamu, tunaichanganya wenyewe na bei yake ni nafuu. Lakini huisha upesi, ni lazima kurudia mara kwa mara. Rangi ya shaba ni ghali, ila hudumu zaidi. Shaba hutoka kidogo kidogo na kuwazuia wadudu. Haishiki juu ya shahamu, kwa hiyo ondoeni shahamu yote kwanza. Chombo cha alumini msikipake shaba, italiwa.

Iko pia rangi yenye sumu ya bati, iitwayo TBT. Mkataba wa mataifa wa kuikataza ulianza kazi mwaka 2008. Mkiiona, msiinunue.

Ndugu, kusoma tumejua. Basi tusome mkebe kabla ya kutoa fedha: ni rangi ya chini ya chombo? Ipakwe mara ngapi? Ishushwe majini baada ya muda gani? Usipoelewa, muulize mwenzio.

Tukikitunza chombo, nacho kitatutunza.