Aliyepewa Mguu Afunzwe na Kusimama



Wiki hii nataka tuzungumzie kazi ambayo mwenye miguu miwili haifikirii hata kidogo: kusimama bila kuanguka.

Ukisimama kwenye foleni unadhani umetulia. Kumbe nyayo zinapima ardhi, misuli ya vifundo inavuta huku na huku, na ubongo unatoa amri kabla mwenyewe hujatambua. Anayekatwa mguu, kwa kisukari au kwa ajali, hapotezi nyama na mifupa tu. Ameondokewa na unyayo uliokuwa ukimpa habari, na kifundo kilichokuwa kikimrudisha wima. Aliyekatwa juu ya goti mzigo wake ni mkubwa zaidi. Mguu wa bandia unabeba uzito, lakini habari hauleti. Ndiyo maana wengi hutembea wakitazama chini: macho yameshika kazi ya unyayo. Umeme ukizimika, msaada huo nao umekwenda.

Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2001, juu ya watu zaidi ya 400 waliokatwa miguu, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu walikuwa wameanguka ndani ya mwaka mmoja. Karibu nusu walikuwa na hofu ya kuanguka.

Sasa njooni kwetu Kiembe Samaki. Barabara kuu iendayo uwanja wa ndege ina lami. Geuka uingie mitaani, ukutane na mchanga, mawe yaliyochomoza na, masika yakifika, madimbwi. Mguu wa bandia ukikanyaga jiwe haujui kujipinda kulifuata. Ndani ya daladala, konda anagonga bodi na gari linaondoka abiria hajashika chuma.

Lipo na letu wenyewe. Sisi ni watu wa kuvua viatu, msikitini na majumbani. Mguu wa bandia mara nyingi hurekebishwa ukiwa ndani ya kiatu chenye kisigino. Kiatu kikivuliwa, kisigino kinashuka, na mtu anajikuta anavutwa nyuma. Wahindi waliliona hili mapema. Mjini Jaipur, mwaka 1968, Daktari P. K. Sethi na fundi Ram Chandra Sharma walitengeneza mguu wa mpira unaokanyaga peku na kumruhusu mwenyewe kuchutama. Walianza kwa kutazama watu wao wanavyoishi.

Nasi hatuko mikono mitupu. Huko Moshi, kwenye eneo la hospitali ya KCMC, chuo cha TATCOT kilianzishwa mwaka 1981 kufundisha mafundi wa viungo bandia.

Ninachokipinga ni fikra kwamba siku ya kukabidhiwa mguu ndiyo mwisho wa kazi. Picha zinapigwa, makofi yanapigwa, mtu anapelekwa kwake. Baada ya miezi, sehemu ya mguu iliyobaki hupungua, kikombe kinachoishika kinapwaya, na mtu anaanguka mbele ya wanawe. Kesho yake mguu unawekwa nyuma ya mlango. Sokoni haendi, msibani haendi. Hofu imemfunga kuliko ulemavu wenyewe.

Mguu hufunzwa. Mtu aanze baina ya vyuma viwili vya kushikia, ajizoeze kuupa mguu mpya sehemu yake ya uzito, maana mwili huukimbia. Nyonga zitiwe nguvu. Kisha atolewe nje, kwenye mchanga na ngazi: kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia wa bandia. Na afunzwe namna ya kuinuka akianguka, kwani ajuaye kuinuka haogopi mno.

Nyumbani, ondoeni mikeka iliyojikunja njiani, na usiku acheni taa inayowaka. Akichukua mkongojo, msimcheke. Nanyi makonda, mngojeni ashike chuma.

Kwa hiyo kila anayegharimia mguu, awe serikali, mfadhili au jamaa, agharimie pamoja nao wiki za mafunzo, na nauli ya kurudi kukaguliwa. Asiyefanya hivyo amenunua pambo la nyuma ya mlango.