Rangi ya Mafuta: Istilahi Moja, Kuta Mbili



Kasri la Mizingani, mjini Unguja, lilifanywa makumbusho mwaka 1994, na humo zilitundikwa picha za masultani. Mmojawapo wa watawala hao ni Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888 na kuzuru London mwaka 1875. Picha za watukufu wa enzi ile hazisomwi kwa sura peke yake. Kilemba, joho lenye taraza na jambia kiunoni hutaja cheo kabla hatujasoma jina.

Je, picha ya namna hiyo, iliyochorwa kwa rangi iliyochanganywa na mafuta ya kitani, tuiiteje? Jibu lipo: picha ya rangi ya mafuta. Hata hivyo, baadhi ya wanafunzi husita. Wanaona istilahi hiyo ni ya dukani. Kweli, ukiiomba Temeke au Kinondoni katika duka la vifaa vya ujenzi, utapewa kopo la rangi ya kupaka milango na madirisha, wala si ile rangi ya maji ya kupaka kuta.

Hoja yangu ni kwamba udugu huo si kasoro. Edward Said Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alianza uchoraji mwaka 1968 hapa Dar es Salaam. Picha zake ziliuzwa Oysterbay, katika Kinondoni. Alitumia rangi hiyohiyo ya makopo inayong'aa. Tukibuni istilahi ya fahari kwa ajili ya picha za kasri, na kumwachia Tingatinga lugha ya duka, tutakuwa tumeamua kwa msamiati kwamba ya kwanza ni sanaa na ya pili ni kazi ya mikono tu. Uamuzi huo haukupimwa na mhakiki yeyote.

Lugha yetu imezoea kupanua maana. Kitenzi “kuchora” kilihusu pia kutia nakshi kwenye mbao. Leo twakitumia kwa kalamu na brashi, na hakuna anayelalamika.

Kwa hiyo nawasihi watunga kamusi waingize maana zote mbili chini ya kidahizo kimoja, na kuzieleza kwa usawa. Tofauti ya rangi hizo ielezwe na fundi na mkemia. Tofauti ya thamani ya picha ibaki kwa mtazamaji.