Mtoto Wako Ni Mtu Mzima na Anataka Kusoma: Karo Itatoka Wapi?

Leo nazungumza nawe mama, nawe mlezi, uliye na mtu mzima mwenye ulemavu nyumbani. Sisemi mtoto mdogo. Nasema mtu wa miaka 25, 30, hata 40, aliyemaliza shule zamani au aliyeikatiza njiani, na sasa anasema anataka kwenda chuo. Nawe unalala ukijiuliza: karo nitaitoa wapi?

Labda unashangaa mambo ya karo yameingiaje katika kipindi cha afya. Yameingia kwa sababu safari yenyewe huanzia hospitalini. Nitakueleza.

Siku moja alikuja kwetu mama akimsukuma binti yake kwa kiti cha magurudumu. Binti alikuwa na miaka 27. Walikuwa na barua ya kuitwa chuoni, na siku ya kuripoti ilikuwa imebaki wiki mbili. Walitaka karatasi ya daktari ili waombe msaada wa karo. Nikamgeukia binti, nikamuuliza, "Dada, unataka kusomea nini?" Mama akajibu, "Ushonaji." Nikauliza tena, macho yangu kwa binti. Mama akajibu tena. Mara ya tatu nikamwomba mama aninyamazie kidogo. Binti akasema polepole, "Nataka uhasibu. Hesabu za chama cha mama ni mimi ninayeziandika, hata yeye anajua." Mama akacheka, kisha akajifuta macho kwa leso.

Lakini wiki mbili hazikutosha. Tathmini ya daktari haikuwa imefanywa, kadi haikuwepo, na nafasi ile ikapita. Binti alirudi nyumbani kungoja. Ndiyo maana nakusihi uanze na kadi leo, hata kama chuo bado hakijapatikana.

Kadi yenyewe hutolewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Baraza hili lilitokana na sheria ya mwaka 2003, na linaendelea chini ya sheria mpya ya mwaka 2025. Ili mtu aandikishwe, ni lazima kwanza apimwe na madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo. Si kila zahanati inaweza. Uliza katika hospitali ya kaunti ni siku gani wanapima, maana mara nyingi huwa na siku maalum. Nenda na kitambulisho cha anayepimwa na karatasi zote za matibabu za zamani ulizo nazo, hata zile zilizochakaa: za upasuaji, za kliniki ya kifafa, za kupimwa masikio au macho. Mwambie daktari ukweli wote. Wako akina mama ambao kwa aibu hupunguza, wanasema "anajaribu tu vizuri," na daktari anaandika alichosikia. Kama hawezi kupanda ngazi, sema hawezi. Kama huanguka kifafa mara mbili kwa mwezi, sema mara mbili.

Baada ya hapo, Baraza lina ofisi katika kaunti. Huko ndiko pia utauliza kuhusu Hazina ya Kitaifa ya Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu. Hazina hii husaidia kwa karo, na kando ya karo husaidia kwa vifaa kama viti vya magurudumu, magongo na vifaa vya kusikia. Hayo ni maombi mawili tofauti. Watu wengi huomba karo peke yake, halafu mwanafunzi anafika chuoni na kiti kimevunjika gurudumu. Kwa karo wataangalia kadi, barua ya kuitwa chuoni na karatasi ya chuo inayoonyesha karo ni kiasi gani. Na usimpe mtu yeyote pesa ya kusukuma fomu.

Sasa tuje kwa mkopo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ile tunayoiita HELB, iliundwa mwaka 1995, na siku hizi haikopeshi wa vyuo vikuu peke yao, hata wa vyuo vya ufundi hukopeshwa. Mwaka 2023 serikali ilileta mpango mpya unaochanganya skolashipu na mkopo. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliukataa mpango huo kwa vyuo vikuu, na kesi ikaenda Mahakama ya Rufaa. Kwa hivyo usitegemee aliyosema jirani yako wa mwaka juzi. Uliza ofisi ya wanafunzi ya chuo chenyewe dirisha la maombi linafunguliwa lini. Na mkopo ni mkopo, mama. Utalipwa baada ya masomo, hata na mwenye ulemavu. Mimi simwambii mtu asiuchukue, namwambia aanze na skolashipu na Hazina, halafu mkopo uzibe pengo lililobaki.

Kuna basari za kaunti na za eneo bunge pia. Hizi nazo zimekuwa na kesi. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya hazina ya eneo bunge ni kinyume cha Katiba, ikaipa muda wa mwisho 30 Juni 2026. Mwulize chifu au ofisi ya wadi kama fomu zinatolewa mwaka huu, na usijenge matumaini yako yote hapo.

Jambo moja dogo limewakwamisha wengi. Mwombaji ni yeye, si wewe. Maombi haya siku hizi mengi hufanywa kwa intaneti, na hutaka kitambulisho chake, PIN yake ya ushuru na nambari ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Nimekutana na watu wazima wenye miaka 30 ambao laini yao ya simu ni ya mama, akaunti ni ya kaka, na kitambulisho hakijawahi kuchukuliwa kwa sababu "huyu hatoki nyumbani." Mpeleke akachukue. Mkienda saiba, mwache akae mbele ya mashine, ajue neno lake la siri. Kama haoni au mikono haimruhusu, msomee na umwandikie, lakini jibu liwe lake. Kama ni kiziwi, mtafute anayejua lugha ya ishara, usimkisie.

Iko hofu nyingine ambayo akina mama huniambia kwa kunong'ona. Nyumba inapokea zile shilingi 2,000 za Inua Jamii kila mwezi kwa ajili ya mwenye ulemavu mkubwa. Akienda chuo, je, zitakatwa? Nenda ukamwulize afisa wa maendeleo ya jamii kabla ya kuamua chochote. Lakini usimkalishe mtu nyumbani maisha yake yote kwa kuogopa swali ambalo hujauliza.

Kuhusu chuo, ziko taasisi zilizoanzishwa kwa ajili yao: ya wasioona iko Machakos, za viziwi ziko Karen na Nyang'oma, na ya Sikri huko Homa Bay inawapokea wasioona na viziwi. Hata hivyo halazimiki kwenda huko. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa haki ya kusoma katika vyuo pamoja na wengine. Na asiogope alama. Kozi za ngazi ya chini za ufundi huwapokea hata waliopata alama za mwisho kabisa.

Kabla ya kukubali nafasi, nendeni mkakione chuo kwa macho yenu. Hapa ndipo nasema kama muuguzi. Ingia chooni. Mlango unaingiza kiti? Kuna cha kushikilia? Bweni liko chini au juu? Anayekaa kwenye kiti kutwa nzima bila kujiinua hupata vidonda vya makalio, na nimeona mwanafunzi akipoteza muhula kwa kidonda kimoja. Mwenye dawa za kifafa ajue atazichukua wapi zikiisha, na mwenzake wa chumbani aonyeshwe la kufanya akianguka. Nauli ya kwenda na kurudi, au malipo ya msaidizi, iandikeni katika hesabu mapema, kwa sababu basari hulipa karo na mara nyingi huishia hapo.

Yule binti wa uhasibu? Vyuo vingi vya ufundi hupokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba, na kadi yake ilipotoka aliomba tena. Mara ya mwisho nilipomwona mama yake, alilalamika kwamba sasa hesabu za chama zinamshinda.

Juma lijalo tutazungumza juu ya vidonda vya kukaa na kulala na jinsi ya kuvizuia. Hadi wakati huo, kwaheri.